Risasi za Kaka Ndani ya Chumvi

Nilizitia chumvi risasi za kaka yangu. Afadhali niliseme mapema, kabla hujaanza kunipenda.

Si risasi za kuulia mtu. Ni zile ndogo za bunduki ya misumari, za shaba, fupi kama kipisi cha penseli kilichobaki mwisho wa muhula. Unaingiza msumari kwa mbele na risasi kwa nyuma, unaukandamiza mdomo wa bunduki kwenye zege kwa nguvu zako zote, unafyatua, paa! Msumari umezama mahali ambapo nyundo ingetoa cheche na matusi tu. Kaka ni fundi dari. Bunduki ile ndiyo mke wake wa kwanza. Wa pili ndiye niliyemharibia mimi.

Nyumba yetu iko Bagamoyo, upande wa mji mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe, na masika yakiingia kuta zinatoka jasho kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nguo kabatini zinanuka, kiberiti hakiwaki, biskuti zinakunjika. Baba anaishi Pangani na mke wa pili, kwa hiyo nyumbani neno la mwisho ni la mama, la kwanza ni la kaka, na mimi nina haki ya kukohoa.

Masika hayo kaka aliitwa kazini Chalinze, nyumba ya wageni ya ghorofa moja, kazi ya wiki kadhaa. Huko vifaa vyote vilikuwa vya mwenye kazi, hivyo bunduki yake aliiacha nyumbani, na risasi zake pia. Aliniita chumbani akanionyesha kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana. Ndani mlikuwa na boksi la karatasi lililojaa risasi, na juu ya boksi vile vipakiti vidogo vyenye chembechembe ndani, vinavyokuja kwenye boksi za viatu vipya. Kaka huviokota kila anapoviona. Anasema vinafyonza unyevu.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Kopo linakaa juu ya kabati, si sakafuni. Zisipate maji. Zisipate joto. Zisipate wewe."

"Kaka, unanivunjia heshima."

"Ulikuwa nayo?"

Akaondoka. Na mimi kweli sikuzigusa. Nilichohitaji mimi ni kopo.

Shuleni kulikuwa na kesi kati yangu na mwalimu wa zamu, na nilikuwa nimeamua kesi hiyo ahukumu kaa. Nilimkamata ufukweni, mkubwa, mwenye hasira za asili. Mfuko wa plastiki aliutoboa. Ndoo ingeonekana getini. Kopo lenye mfuniko wa kubana lilikuwa kama limeumbwa kwa ajili yake. Nikatoa boksi la risasi, nikaliweka chini ya kitanda kwa muda tu, vile vipakiti nikavitupa jalalani kwa sababu kimoja nilikipasua nikaona hakina maana. Kaa akaenda shule. Yaliyotokea kwenye droo ya mwalimu si mada yetu, ila kopo lilitaifishwa, nami nilifyeka nyasi za uwanja mzima huku wenzangu wakinipigia saluti dirishani.

Mvua ikanyesha wiki ile yote bila kupumua. Nikasahau.

Nilipokumbuka, boksi lilikuwa limelegea kama kipande cha mkate kwenye chai. Sakafu ya chini ya kitanda ilikuwa na umajimaji. Risasi zenyewe hazikuwa zimezama, la, lakini kila moja ilikuwa na jasho lake. Nilizipangusa kwa shati la shule. Baada ya muda zikatoka jasho tena. Nilikaa juu ya kitanda nikazitazama, nazo zikanitazama, hakuna aliyekuwa na wazo.

Sasa, ili uelewe ujinga uliofuata, lazima umjue mama. Mama anatengeneza ng'onda. Ananunua samaki sokoni, anawapasua mgongoni, anawafungua kama kitabu, anawajaza chumvi ya mawe, kisha jua linamalizia. Anauzia watu wa Chalinze na Lugoba, huko juu ambako samaki mbichi akifika ana harufu ya safari. Tangu nina akili naona kitu kilekile: samaki aliyejaa maji anaingia kwenye chumvi, anatoka mkavu kama soli ya kiatu. Mama mwenyewe husema chumvi na maji hawalali nyumba moja. Kwetu hiyo ndiyo sayansi. Mtoto wa nyumba ile akiona kitu kimelowa, mkono unakwenda wenyewe kwenye chumvi.

Kuzianika juani nilikataa. Kaka alisema zisipate joto, na mimi ni mtiifu. Nikachota chumvi kwenye pipa la mama, nikajaza ndoo ndogo nusu, nikazipanga risasi kwa mistari kama vibua, nikazifunika kwa chumvi nyingine, nikasukuma ndoo nyuma ya kabati. Nilijiona injinia. Nilifikiria hata namna nitakavyomweleza kaka siku moja, naye atasema kumbe dogo una kichwa.

Jambo moja sikulifikiria, na nimekulia kando yake. Masika chumvi hulia. Pipa la mama lenyewe wakati wa mvua huwa na maji chini, na mama hulikinga na gunia na kulalamika. Chumvi inafyonza maji kutoka kwa samaki, sawa, lakini hewa ikilowa inafyonza na ya hewani, na ikishiba haiendi popote, inakaa nayo. Nilipoifukua ndoo yangu, chini kulikuwa na uji. Risasi zilikuwa zimeota ukijani, laini, kama manyoya.

Hapo mtu mwenye akili angekwenda kwa mama. Mimi nilikwenda kwenye ndimu.

Mama ana sinia la shaba la bibi yake. Kila Idi inapokaribia hunipa kipande cha ndimu na majivu, nalisugua mpaka naona meno yangu ndani yake. Ukijani wote unaondoka. Basi nikazisugua risasi moja moja, kwa ndimu na majivu, mchana kutwa, mama akidhani najisomea. Nikazifuta kwa kitambaa, nikazilaza kivulini. Ziling'aa. Wallahi ziling'aa kuliko siku ya kwanza. Nikatafuta kopo lingine kama lile kwa muuza maandazi wa barabarani, nikalifuta, nikazitia, nikalirudisha juu ya kabati kama kwamba halijawahi kusafiri.

Kaka aliporudi alilitikisa kopo sikioni, akafungua.

"Boksi lake liko wapi?"

"Lilichoka. Nikalitupa."

Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Mbona zinang'aa hivi?"

"Nimezitunza."

"Wewe?"

"Watu hubadilika, kaka."

Alinitazama. Nimezoea kaka anitazame kama mtu anayetazama tairi lililopasuka. Siku hiyo alinitazama vingine, akanishika kichwa, akasema nitafute shati safi, Jumamosi twende wote Kiwangwa nikamshikie ngazi, kwa sababu hiyo ndiyo siku yake na anataka mtu wake awepo.

Siku yake, nitaieleza. Kaka alikuwa amemchumbia binti wa Kiwangwa, mtoto wa mkulima wa mananasi. Walikutana Chalinze, binti akiuza matunda stendi, kaka akijifanya anapenda nanasi. Mama alituma mshenga, mambo yakaenda vizuri, mzee mwenyewe hakuwa na neno. Lakini wale ni Wakwere, na kwao mtoto ana wajomba, na mjomba hupimi uzito wake kwa mizani ya sokoni. Wajomba wa binti wako Lugoba. Walikuwa wamesema wazi: vijana wa Bagamoyo mjini ni wa kukaa barazani na kunywa kahawa, hawana mikono. Mzee akatafuta njia. Alikuwa amejenga nyumba mpya, haina dari. Akamwambia kaka: njoo uipige dari ya sebuleni. Mbao za pembeni zipigwe kwenye mkanda wa zege kwa hiyo bunduki yako, Jumamosi, wajomba watakuwa wanafika. "Nitawaonyesha dari," alisema, "halafu nitawaonyesha aliyeipiga. Sitahitaji maneno."

Umeme ulikuwa bado haujavutwa nyumbani kwake, kwa hiyo mashine ya kutobolea ilikuwa haina kazi. Bunduki peke yake. Kama bunduki ingesema, kaka angeoa.

Tulipanda fuso lililokuwa linakwenda tupu kubeba mananasi. Kaka alikuwa amenyoa ndevu. Alikumbatia bunduki yake kwenye mkoba kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Mimi nilijiambia risasi zimekauka, zinang'aa, basi. Lakini ulimi ukaniwasha.

"Kaka, hivi risasi ikiwahi kulowa kidogo, halafu ikauke, si inakuwa nzima?"

"Ikilowa ni ya kutupa."

"Hailii?"

"Isiyolia si mbaya. Mbaya ni ile inayofikiri kwanza." Akaniambia bila kunitazama, anaangalia mihogo inayopita. "Unafyatua, kimya. Unadhani imekufa. Unaiondoa bunduki ukutani, unaanza kuifungua, ndipo inalia. Nilimwona fundi mmoja ilimlilia mkononi. Siku hizi anasukuma chapati, tena kwa mkono mmoja."

"Inafikiri muda gani?"

"Haisemi."

Nilicheka. Sijui kwa nini, ndivyo nilivyo, mdomo wangu ukiogopa unacheka. Dereva naye akacheka, akaanza hadithi yake ya mtu aliyechelewa kucheka msibani, na kaka akacheka, na nafasi ikapita. Nilifungua mdomo mara nyingine tukikaribia Kiwangwa. Nikaona ndevu zilizonyolewa. Nikaufunga.

Mzee alikuwa ameshawaita majirani. Alikuwa amewaambia mkwe wake ana bunduki inayoshona mbao kwenye zege, na watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka sebuleni kama wanasubiri harusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika bega akasema huyu ndiye yule mchekeshaji. Sifa zangu zilikuwa zimefika kabla yangu. Niliwahi kumpigia simu binti yake nikijifanya daktari, nikamwambia kaka amemeza msumari. Alilia. Baadaye alicheka, lakini alilia kwanza.

Kaka akapanda ngazi, miwani machoni, pamba masikioni. Mimi nikashika ngazi. Akaweka ubao wa kwanza juu, akakandamiza bunduki.

Paa!

Watu wakashangilia. Vumbi la zege likanidondokea kichwani, nami nikasema alhamdulillah kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayeshika ngazi. Kaka akanitupia jicho.

Ya pili ililia kama mtu anayefunga mlango. Msumari ukaingia nusu, ukabaki umechomoza. Kaka akaugusa kwa kidole, akaguna. Akapakia ya tatu.

Tik.

Hakukuwa na kitu kingine. Tik, basi, kama saa ya ukutani.

Watu walisubiri. Mtu mmoja akasema mbona haikohoi, wakacheka. Kaka hakusogea. Alibaki ameikandamiza bunduki kwenye zege, mikono juu, shingo imekaza. Alisema polepole, bila kugeuka, "Naomba watu watoke nje."

"Vipi, fundi?" mzee akauliza. "Imekwama? Iteremshe tuitazame."

"Mzee wangu, nakuomba. Toka. Wote."

Kwa ile sauti walitoka. Mikeka ikabaki. Nilisikia mzee nje akiwaambia kuwa ndivyo inavyofanywa, ni kazi ya kitaalamu, kumbe naye alikuwa anajifariji.

"Na wewe," kaka akasema.

"Mimi nimeshika ngazi."

"Iachie."

"Ukianguka je?"

"Nitaanguka peke yangu. Toka."

Sikutoka. Si ushujaa. Nilizidi kuing'ang'ania ngazi. Nilikuwa chini yake, naona jasho linatiririka kutoka kwapani kwenye lile shati la kupendezea wakwe, na mikono yangu miwili, mizima, imeshika kitu pekee ambacho hakikuwa na shida, yaani ngazi. Sikuweza kumpokea ile bunduki. Sikuweza kumwambia ashuke. Hata kumfuta jasho sikufika. Kulikuwa na jambo moja tu nililoweza kumpa, nalo lilikuwa limechelewa.

"Kaka, nilizitia chumvi."

"Nini?"

"Risasi. Nilizitia chumvi."

Bunduki ilikuwa bado inafikiri.

"Za nini chumvi?"

"Zikauke. Zilipata unyevu kidogo, nikazitia chumvi kama ng'onda. Zikaota ukijani. Nikazisugua kwa ndimu."

Kaka alifumba macho. Nilidhani ataporomosha matusi, na ningeyapokea kama zawadi. Alisema tu, "Zote?"

"Zote."

Aliendelea kukandamiza. Midomo yake ilikuwa inatembea, sijui alikuwa anahesabu au anasoma dua. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nakwambia kweli, nilitafuta kichwani mwangu mzaha wowote, hata mbovu, ule unaoleta kofi, na hapakuwa na kitu. Nje nikasikia pikipiki zinaingia uani na watu wakiamkiana kwa sauti za watu wazima. Wajomba.

Ndipo akaiondoa bunduki ukutani, mdomo wake akauelekeza kwenye kona isiyo na mtu, akashuka ngazi kidato kimoja baada ya kingine kama mtu aliyebeba yai kichwani, akaitoa ile risasi, akaidondosha kwenye ndoo ya maji iliyokuwa ya kukorogea saruji. Ikazama. Haikulia. Mkono wake ulikuwa mzima. Niliuangalia ule mkono mpaka yeye mwenyewe akauficha mfukoni.

Kisha akachukua kopo langu la muuza maandazi, akalimwaga lote kwenye ndoo.

Wakati huohuo mzee alikuwa mlangoni na wajomba wawili wa binti kutoka Lugoba, mmoja mnene wa kofia, mwingine mwembamba wa maneno machache. Walimkuta kaka ameinama juu ya ndoo.

"Unazitosa?" mzee akauliza. "Moja imekataa, si ujaribu nyingine?"

"Siwezi, mzee. Zimeharibika zote."

"Zimeharibikaje?"

Kaka alinitazama kidogo sana. "Niliziweka vibaya. Masika yamezila."

Mjomba wa kofia akatazama juu. Ubao mmoja, umepinda upande mmoja, msumari umechomoza kama jino. Akatazama ndoo. Akamtazama kaka kuanzia viatu.

"Fundi," akasema taratibu, "vifaa vyako ndivyo mkono wako. Hivi umeshindwa kuvitunza mvua za msimu mmoja. Sasa tukikukabidhi mtoto wa watu, atakaa msimu gani?"

Mzee akasema, "Ah, shemeji, usifike huko."

"Nimeuliza tu."

Hapo ndipo nilipofanya jambo la kiungwana la kwanza maishani mwangu, na angalia lilivyonilipa. Nilisogea mbele yao, nikasema, "Shikamooni. Kosa si lake. Ni mimi. Aliniachia nizitunze, mimi nikazitia kwenye chumvi."

Halafu mjomba wa kofia akaanza kucheka. Alicheka kutoka tumboni, kofia ikateleza. Yule mwembamba naye akacheka, majirani dirishani wakacheka bila kujua kitu gani, kwa sababu kicheko cha mtu mnene kinaambukiza. Maisha yangu yote nimefanya kazi kwa ajili ya kicheko cha namna ile. Nilitamani kukirudisha mdomoni mwake kwa mkono.

"Kijana," akasema akijifuta macho, "kumkingia kaka yako ni jambo jema. Lakini uongo nao una vipimo. Ungesema umeziangusha kisimani, ningekubali. Ungesema mbuzi amezila, ningefikiria. Chumvi!"

"Kweli, mzee. Chumvi inakausha."

"Inakausha nini?"

"Samaki."

Basi hapo hata mzee, masikini, ambaye alikuwa anataka kutuokoa, akashindwa kujizuia. Kwao hakuna ng'onda anayetengenezwa. Kwao ng'onda anafika amekwisha kuwa ng'onda. Chumvi kwao ni kitu cha kwenye mboga. Ningewaambia nimezitia asali wangeona ni jambo lilelile.

"Naapa," nikasema. "Muulizeni mama."

"Nyamaza," kaka akasema.

Binti alikuwa amekuja na sinia la mananasi yaliyokatwa, amesimama kwenye korido. Alikuwa amevaa vizuri. Nilimgeukia yeye, kwa sababu yeye ananijua. "Shemeji, waambie. Mimi si nafanya mambo kama haya? Waambie mimi ndiye ninayefanya mambo ya namna hii."

Alinitazama kwa huzuni. "Shemeji yangu," akasema, "leo si siku ya utani."

Akaliweka sinia kwenye mkeka, akaondoka.

Tulikula mananasi yale kwa sababu kutokula kungekuwa tusi. Matamu sana, Mungu ananiona. Mjomba wa kofia akauliza kama Lugoba hakuna fundi, mwembamba akasema yupo, mzee akasema basi Jumatatu aje. Hayo yalikuwa ya dari. Kuhusu ile posa, mzee alitusindikiza mpaka barabarani, akatupakilia mananasi mawili kila mtu, akamshika kaka mkono muda mrefu, akasema, "Tutatumiana salamu."

Mtu wa pwani anajua hiyo maana yake nini. Mtu akitaka kukuona tena hukwambia siku.

Kurudi hatukupata gari mapema. Tulikaa juu ya mawe kando ya lami, mananasi miguuni. Nilimwambia kaka anipige. Nilimwambia kwa heshima kabisa, kama mtu anayeomba maji. Akasema amechoka mikono. Nikamwambia tutanunua risasi nyingine tukarudi, tukapige dari yote mpaka ya jikoni. Akasema, "Na wao tutawapiga kwa risasi zipi waamini?"

Nyumbani mama alikuwa uani, anawapasua samaki, magunia yametandazwa. Kaka akamwamkia, akaweka mananasi yake karibu na mlango, akasema, "Mama, risasi zilikuwa mbovu. Haikuwezekana." Akachukua kata ya maji akaenda kutawadha, ingawa adhana ilikuwa bado.

Mama alimfuata kwa macho mpaka alipoingia. Kisha macho yakarudi kwangu, na kisu kikaendelea na kazi.

Nikamweleza. Nilieleza yote, kuanzia kaa. Kwa mara ya kwanza sikupamba kitu. Nilipofika kwenye chumvi hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza tu, "Ile ya juu ya pipa au ya chini?"

"Ya chini."

"Ya chini ilikuwa imeshalia." Akatikisa kichwa, kama anavyokitikisa samaki wakimharibikia. Aliniamini palepale, bila kiapo. Mtu mmoja duniani, na si yule niliyemhitaji.

"Yule mzee ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya wajomba?"

"Mbele yao wote."

"Wakasemaje?"

"Walicheka, mama. Walidhani natunga ili nimwokoe kaka."

Kisu kikasimama. Ndani tulisikia maji ya kaka yanamwagika, polepole, muda mrefu kuliko udhu wowote. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikamshika goti, lenye magamba ya samaki. Nikamwambia, nenda wewe. Wewe ni mtu mzima, nenda Kiwangwa, waeleze ng'onda ni nini, waeleze mimi ni mtu wa namna gani, wewe hawatakucheka. Aliinuka, akaosha mikono, akaikausha kwenye kanga, akakaa tena palepale kana kwamba alikuwa amekwenda mahali akakuta pamefungwa. Kisha akasema, nami nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Angekuamini, mwanangu, kesho asubuhi ningejitanda nikaenda nikamwomba radhi. Hakukuamini, kwake wewe huna kosa. Sasa nikifika pale, nimwombe radhi ya nini?"